Kuni za Masika

Ijumaa, 6 Februari 1987

Nimepasua za leo na za kesho. Kesho ni Sabato, shoka haliguswi, kwa hiyo Ijumaa ni siku ya kukimbizana na jua. Zamani nilikuwa narudi kutoka shule nakuta pipa limejaa maji, kuni ziko juu ya dari ya jikoni, mke wangu Nakijwa ameshaoga na anamsuka binti yetu Naetwe nywele. Leo jua limezama bado natoa vibanzi viganjani.

Safu ya kuni aliyoiacha mke wangu penuni imebaki fupi, hainifikii gotini. Naitumia kuanzia mwisho wa kushoto, polepole, kama mtu anayekula mbegu. Aliipanga mwenyewe kabla ya Krismasi, kabla ya kuteremka Same na magunia ya tangawizi. Alisema atakaa wiki mbili. Amerudi mara moja tu tangu hapo, akalala usiku mmoja, akaondoka na lori la alfajiri.

Nina hamu naye. Basi.

Jumapili, 8 Februari

Mkaratusi ulioangushwa na upepo nyuma ya choo. Elifasi jirani alikuja na msumeno wake, tukaukata magogo. Kisha nikapasua peke yangu mpaka mchana. Mkaratusi mbichi hupasuka kwa furaha. Ukikauka hauna rafiki, shoka linarudi kukutazama. Kwa hiyo nilifanya haraka ungali na maji.

Kupasua si tatizo. Mwanamume akipasua kuni hapa Myamba watu wanampita bila kugeuka. Tatizo ni kubeba na kupanga. Hiyo ni kazi ya wanawake, na kwangu mwanamke mwenye nguvu hayupo. Mama magoti yamekataa. Naetwe ana miaka minane.

Nikaanza kupanga. Wanawake wakapita kutoka mtoni na ndoo zao. "Shikamoo Mwalimu." Marahaba. Walivyofika kwenye kona ya chini nikasikia kicheko. Mama alisimama mlangoni akatazama, akarudi ndani, akarudishia mlango. Ilikuwa mchana kweupe.

Nilipanga mpaka kiunoni. Sikujua kama kuna utamu humo. Unachukua ukuni, unaugeuza, unatafuta mahali pake. Mwingine umepinda, hautaki popote, halafu ghafla unakaa kana kwamba nafasi ile iliachwa kwa ajili yake.

Jumatano, 11 Februari

Safu imeanguka. Nilisikia shuleni? Hapana, nilihisi tu. Nimerudi nimekuta imelala uani kama mlevi. Kuku wanatafuta wadudu katikati yake.

Alhamisi, 12 Februari

Mwalimu mwenzangu Mbonea ameniita Mama Naetwe mbele ya ofisi nzima. Walicheka. Nami nilicheka. Halafu nikaingia darasa la sita nikawafokea watoto kwa kosa la kukohoa.

Mbonea naye mke wake anauza vitumbua ili wao wale. Mshahara wa ualimu siku hizi unaisha njiani. Kila mtu ana mradi. Mwalimu mkuu anafuga kuku, wa darasa la tatu anashona. Miaka ile ya foleni tulikuwa na hela na sabuni haipo. Sasa sabuni ipo, imepangwa dukani inanukia, na sisi tunapita tu. Mradi wangu mimi ni Nakijwa. Sipendi neno hilo nikiliandika.

Sabato, 14 Februari

Imenyesha. Si wakati wake, masika bado. Ilianza tulipotoka kanisani, matone mazito, halafu ikamwagika. Kuni zote nilizopasua Jumapili ziko uani wazi. Jana sikuwahi kuzipanga upya, jua lilinishinda.

Nilisimama mlangoni. Mguu mmoja ulishatoka.

"Usithubutu," Mama akasema. Alisema kwa Chasu. Kwa Kiswahili haina ukali ule.

Nikarudi nikakaa. Nikamkumbuka yule mtu wa kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu, aliyekutwa anaokota kuni siku ya Sabato akapigwa mawe akafa. Tulifundishwa habari zake tukiwa watoto, tukaogopa. Leo nimemwonea huruma. Labda mke wake alikuwa hayupo.

Mama aliimba mpaka mvua ikakatika. Nilitazama maji yakiingia kwenye kuni, ukuni baada ya ukuni. Zilibadilika rangi, zikawa nyekundu kama nyama.

Jumapili, 15 Februari

Nimezianika. Nimezipanga. Nimeziweka zile nene chini. Mgongo.

Jikoni tunawasha mbichi, moshi umejaa nyumba nzima. Naetwe anakohoa. Mama anapuliza meko machozi yanamtoka. Kusema kwake ni kule kupuliza.

Alhamisi, 19 Februari

Gulio. Nilimwacha Mbonea na darasa langu nikateremka sokoni kuangalia lori la Same. Watu walishuka wote. Yeye hakushuka.

Mama Sekiete anayefanya naye biashara alinipa kifurushi. Sabuni ya mche, sukari, gauni la Naetwe la mtumba, kafa Ulaya, lenye kola nyeupe. Kwa ajili yangu sweta ya bluu. Nikamwuliza, yeye mwenyewe je?

"Hajambo sana Mwalimu. Amenenepa. Anasema usimngoje wiki hii, anakwenda Dar kuchukua mzigo wa nguo."

Amenenepa. Nimelibeba neno hilo kupanda mlima mzima.

Sweta ina joto zuri. Niliivaa mara moja. Nikainusa mikononi na shingoni, nilipobaki peke yangu, kutafuta harufu yake. Ilinuka dawa ya nondo na nchi ya mtu mwingine.

Ijumaa, 20 Februari

Kuni zimewahi ndani kabla ya jua kuzama. Mara ya kwanza. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 22 Februari

Leo Mama ameleta mgeni. Nilikuwa nimekwenda kukata miti ya miwati shambani, nimerudi na mzigo begani nikamkuta msichana uani. Anaitwa Nambike, binti wa rafiki ya Mama wa kule Bombo. Msichana si neno lake, ni mtu mzima, ana kama miaka ishirini na tano. Aliolewa akaachika, au hakuolewa, Mama hakufafanua.

"Atanisaidia kidogo," Mama alisema, huku akinitazama usoni kuona nitafanyaje.

Nambike hakungoja kuambiwa. Alifunga kanga kiunoni akaanza kupanga. Sijawahi kuona mikono ya namna ile. Hakuwa anachagua. Mkono wa kushoto unaokota, wa kulia unaweka, na mdomo unaimba. Safu ilipanda kama maji yanayojaa. Nikasimama na shoka langu kama sanamu ya mkulima hodari. Uani kulikuwa na mwanamke, anaimba, kuni zinagongana, moshi unatoka jikoni vizuri.

Nilifurahi. Niliogopa kule kufurahi kwangu.

Nikaingia ndani nikasahihisha madaftari ya hesabu mpaka alipoondoka. Nikawapa vema watu waliokosea.

Jumanne, 24 Februari

Mji mzima unajua. Elifasi ameniambia kwa upole wake kwamba mama yangu ana akili, nyumba haikai na baridi. Mwalimu mkuu ameniuliza kama kweli. Nikamwambia kweli nini. Akasema basi yaishe.

Jioni nilimwambia Mama kwamba mimi nina mke.

"Yuko wapi?" akauliza. Kisha akaongeza ukuni motoni kama mtu aliyeuliza saa.

Ijumaa, 27 Februari

Nambike alikuja tena na maparachichi kutoka Bombo. Mama alikuwa kwa jirani. Nilitaka kuondoka, yeye akanizuia kwa maneno.

"Mwalimu, usinikimbie. Mimi sikuja kuolewa. Nakaa kwa kaka yangu na wifi yangu hanitaki, hata maji nikinywa anahesabu. Mama yako ameniambia nije nikae naye. Wewe sikukutazama hata mara moja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Nimejiona mjinga, na ndani ya ujinga huo nimeumia kidogo kwamba hakunitazama hata mara moja.

Jumapili, 1 Machi

Siku nzima ya kuni. Naiandika kwa sababu ilikuwa nzuri.

Asubuhi ukungu. Nikapasua miwati. Ndani ni nyekundu hafifu, gome lake linanuka ngozi mpya. Naetwe alinipa mmoja mmoja, mimi nikipanga, ukuta wa nyumba wote wa upande wa mashariki, kutoka pembe hadi pembe. Siafu walinipanda mguu nikacheza ngoma, Naetwe akaanguka kwa kicheko. Nge mmoja chini ya gome. Kidole kimevimba. Kila kitu kinauma kwa namna inayopendeza.

Jioni nilirudi nyuma hatua kadhaa nikatazama. Ukuta wa kuni, juu umefika kifuani, vichwa vyote vimetazama nje, vyeupe na vyekundu. Wanawake walipita. Hawakucheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, hizo kuni zinapendeza." Sijawahi kusifiwa hivyo kwa kufundisha.

Na hapohapo, nikiwa nimesimama nimeshika kiuno, hamu ikanijia kama kichomi. Nilitaka Nakijwa azione. Si Mama, si jirani. Yeye. Kazi yote hii nilikuwa namfanyia mtu asiyekuwepo.

Usiku bado nalala upande wangu. Upande wake sijaugusa. Upo stoo mfuko mmoja wa tangawizi uliobaki. Nikipita nauinamia nanusa.

Ijumaa, 6 Machi

Amekuja! Jua likiwa linazama. Lori liliwaacha chini darajani, akapanda kwa miguu. Naetwe ndiye aliyemwona, akapiga kelele nikadhani ameng'atwa na nyoka.

Kweli amenenepa. Amesuka nywele mtindo wa mjini. Alimwamkia Mama, Mama akaitikia marahaba bila kuinuka, kisha akainuka. Alinipa mkono mimi mbele ya watu kama inavyotakiwa. Kiganja chake kimekuwa laini. Changu kimekuwa kama chake cha zamani. Aliugeuza mkono wangu akautazama, akaacha.

Sabato imeingia. Siandiki zaidi. Yuko chumba cha pili anavua viatu.

Jumapili, 8 Machi

Ameibomoa safu yangu.

Asubuhi alizunguka nyumba, akasimama mbele ya ukuta wangu wa kuni. Nilimfuata na chai yangu, nimejiandaa kusifiwa. Alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu anayemwona mtoto amevaa viatu vya baba yake.

"Baba Naetwe, hizi nani amezipanga?"

"Mimi."

"Umezinyima hewa. Umechanganya mbichi na kavu. Halafu umezibandika ukutani kabisa, mchwa watapita humohumo waingie ndani. Masika ikija hizi zitaota uyoga."

Nikauliza tufanyeje. Akafunga kanga. Akaanza kuvuta kutoka juu.

Tulifanya pamoja mpaka saa kumi. Kwanza mawe chini, na miti miwili ya kulalia. Upana wa kiganja kati ya kuni na ukuta. Mbichi mbali, zielekee upepo. Kavu karibu na mlango. Safu ya juu kabisa, magome yatazame mbinguni, ndiyo bati lake. Pembeni unapishanisha, mbili hivi, mbili hivi, ndipo haianguki. Yeye alikuwa anasema machache, mimi naokota. Mara nyingine mikono yetu ilifika kwenye ukuni mmoja. Ana jasho shingoni. Sijui nieleze vipi. Nimeoa miaka kumi na sijawahi kufanya kazi hii naye hata siku moja. Nilikuwa na raha mpaka nikataka kuni zisiishe.

Ziliisha. Tukakaa juu ya gogo. Ndipo akasema.

Amepata chumba Same, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kiislamu, Bi Zainabu, karibu na barabara kuu. Anataka tuhamie. Mimi, Naetwe, Mama akikubali. Nikamwambia kwako ni hapa. Akasema anajua.

"Sijachoka na wewe," alisema. "Nimechoka na mzigo. Tangu niko mtoto shingo hii haijapumzika, maji, kuni, majani ya ng'ombe, kuni. Kule natembea kichwa kiko juu. Nilishangaa, kumbe mimi ni mrefu."

Nikauliza, na Mama? Akasema mwulize. Mama alikuwa dirishani, alisikia yote. Alifunga dirisha.

Na mimi badala ya kunyamaza nikasema: "Kama kwako kumekushinda, basi kaa hukohuko."

Alipangusa vibanzi kwenye kanga, kimoja kimoja, akaingia jikoni kupika.

Jumatatu, 9 Machi

Ameondoka na lori la alfajiri. Naetwe alimsindikiza na Nambike aliyekuwa amelala kwetu kwa Mama. Mimi nilijifanya nimelala. Nilisikia kila kitu. Aliingia chumbani, akasimama, akatoka.

Nilifika shule mapema kuliko kengele.

Jumatano, 11 Machi

Hakuna cha kuandika. Safu imesimama imara. Naichukia.

Sabato, 14 Machi

Mchana wote ndani. Mvua nyepesi. Baada ya kula Mama aliniita nikae naye karibu na meko. Naetwe alikuwa kwa wenzake.

Alianza mbali. Baba alipokwenda mashamba ya mkonge Tanga, mimi nikiwa mgongoni. Kila masika Mama alikuwa anampangia kuni za kumkaribisha, za mkuyu na mruka, miti ya moto mzuri. Mvua ikaja, mvua ikaenda. Baba alirudi akiwa na kifua kibovu, akaota moto ule miezi michache, akafa. Hadithi naijua. Sikuwahi kuisikia ikiwa na kuni ndani yake.

Nikasema, kwa hiyo unaniambia niende?

"Sikuambii uende wala ukae," akasema. "Nakuuliza. Ukienda, mimi kuni nitaletewa na nani?"

Aliuliza bila aibu. Ana miaka sabini na kitu, magoti hayapandi, na jambo lililomkosesha usingizi tangu Januari ni hilo. Ndiyo maana akamleta Nambike. Hakunitafutia mke. Alijua nitaondoka kabla mimi sijajua, akajitafutia mtu.

Nikamwambia twende wote. Akacheka kwa pua. Same ni joto la kukaushia samaki. Na kaburi la mumewe liko hapa chini ya migomba. Hawezi kuliacha, hawezi kulibeba.

Nilitoka nje nikalia penuni, uso kwenye kuni. Zinanuka vizuri zikiloa kidogo.

Jumatano, 18 Machi

Nimepewa ruhusa na mwalimu mkuu. Lori, vumbi, kona zile. Ukishuka unavua sweta, halafu unatamani kuvua shati.

Ofisi ya elimu nilingoja sana kwenye benchi. Afisa aliponisikia alidhani amesikia vibaya. Walimu wote wanaomba kupanda milimani kwenye maji, hakuna anayeomba kuteremka. Kuna shule huko tambarare, mwendo wa baiskeli kutoka mjini, watoto wengi ni wa Kimasai, walimu ni wawili. Alisema nitaanza baada ya Pasaka. Hakuniuliza sababu.

Ndipo nikaenda sokoni.

Nilimwona kabla hajaniona. Amekaa kwenye kigoda, mbele yake turubai limejaa nguo, anabishana na mteja na kucheka. Sauti ile. Nilisimama nyuma ya muuza vitunguu kama mwizi, nikaisikiliza. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti ya kuuzia vitu. Nyumbani hakuwahi kuitumia.

Akaniona. Hakuinuka. Alimaliza na mteja wake kwanza, akapokea, akashukuru. Halafu akasogeza kigoda kingine.

Nikakaa. Nikasema, "Nimeomba uhamisho. Wamenipa." Nikasema na lile neno nililolitamka siku ile ni neno la mtu mwenye hofu.

Alichukua suruali ya kijivu kwenye rundo, akaikung'uta, akaniambia nisimame. Akanipima kiunoni mbele ya soko zima, mikono yake imenizunguka.

"Itakutosha," akasema. "Ila umekonda."

Akakunja, akaiweka pembeni. Mteja mwingine akaja.

Ijumaa, 27 Machi

Masika imeingia rasmi. Usiku kucha juu ya bati. Nambike amehamia na sanduku lake la mabati, amechukua kitanda cha Naetwe, wanalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na wanapigana mateke.

Mimi na kuni. Kila siku baada ya shule. Nimenunua mruka wa Elifasi aliokuwa ameukausha tangu mwaka jana, nikaupasua kwa kabari na nyundo, fundo tupu, shoka halikufaa. Nimepanga kama Nakijwa alivyonifundisha. Mawe chini. Hewa nyuma. Magome juu. Nambike anakosoa. Mama anakuja na fimbo yake anagonga kuni, anasikiliza. Ukuni ukilia kavu anaitikia kwa kichwa. Ukigugumia anasema, "Huu bado," nami nautoa.

Tumekuwa tunaongea sana, mimi na Mama. Hatujawahi kuongea hivi. Ni mazungumzo ya kuni tu. Hizi za ugali, hizi za maharage, hizi ziwekwe kwa siku za ukungu.

Jumapili, 5 Aprili

Leo nimejaza dari ya jikoni. Ni kazi mbaya kuliko zote. Unapanda ngazi, kichwa ndani ya masizi, moshi machoni, unapokea ukuni kutoka chini na kuusukuma mpaka ukingoni. Nambike alinirushia, Naetwe akamrushia Nambike. Nilikuwa mweusi mpaka meno.

Nilipomaliza nilibaki juu pale kidogo. Nikatazama chini. Mama amekaa kwenye kigoda chake anachambua maharage, utosi wake umekuwa mweupe wote. Sikuwa nimewahi kumtazama kutoka juu. Ni mdogo sana.

Akainua uso. "Shuka, utaanguka."

Nikashuka.

Penuni pande mbili zimejaa. Jikoni pamejaa. Nambike anasema hata ikinyesha hadi Saba Saba watakuwa na moto. Mbonea alipita kuniaga, akazizunguka zote bila utani. Akaniuliza nilifanyaje pembe zisianguke. Nikamwonyesha.

Alhamisi, 9 Aprili

Tumeondoka na lori la gulio. Mama hakuja barabarani, magoti. Tuliagana jikoni. Aliweka mkono kwenye kichwa cha Naetwe, halafu kwenye changu, ikabidi niiname. Akasema, "Msalimie mkwe wangu yule mrefu." Kumbe alisikia hata hilo.

Nimelia kwenye lori. Watu walidhani ni vumbi, ingawa kulikuwa na matope.

Jumapili, 12 Aprili

Same. Joto. Chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Bi Zainabu, na kibaraza. Naetwe amepata rafiki, mjukuu wa Bi Zainabu, wanacheza rede uani na wanagombana kama ndugu. Mkaa unapitishwa mlangoni kwa kopo. Asubuhi niliamka mapema nikatoka nje, nikasimama. Hapakuwa na la kufanya. Nikarudi kulala kando ya Nakijwa, naye bila kuamka akanisogezea nafasi.

Jioni alirudi kutoka sokoni amechoka, miguu imevimba. Nilimchemshia maji. Tumekula wali na maharage. Kisha tukakaa kibarazani.

Milima haikuonekana. Wingu lilikuwa limekaa juu yake lote, jeusi, kutoka kilele cha Shengena hadi kule kwetu. Hapa chini hata tone.

"Kunanyesha kwa Mama," Nakijwa alisema.

Nikasema kunanyesha.

Aliegemea bega langu. Bi Zainabu alipita na birika akajifanya hajaona. Naetwe aliitwa kuoga, akakataa, akaitwa tena. Tuliendelea kutazama upande ule mpaka giza likaufunika.